Kisu cha Video, Mbwa wa Kijijini: Uchambuzi wa Kisa cha Kuchagua Makali ya Kuwindia Nguruwe

Kisa hiki ni cha kikundi cha wasasi wa kusini mwa Unguja. Majina ya watu, ya shehia (eneo dogo la utawala la Zanzibar) na mwaka yameachwa, na mambo machache yanayoweza kumtambulisha mtu yamebadilishwa. Kimeandikwa kwa ajili ya vikundi vinavyolinda mashamba dhidi ya nguruwe, hasa kwa viongozi wa misako ambao kila msimu huulizwa na vijana: ninunue kisu gani? Kikundi hiki nacho kilianza na swali hilohilo, na kilipolijibu kikajikuta kinazungumzia mbwa zaidi kuliko visu.

Mazingira ya kisa

Mashariki na kusini mwa Unguja ardhi ni ya mawe. Wenyewe huiita maweni au uwandani: matumbawe ya kale yaliyoachwa na bahari, udongo kidogo uliojikusanya kwenye mashimo, na juu yake vichaka vya miiba vinavyomlazimu mtu kuinama. Watu hulima humo kwa kuhamahama. Hufyeka, huchoma, hupanda muhogo, mtama na kunde, kisha huliacha shamba lipumzike na kufyeka jingine. Kwa hiyo shamba huwa limezungukwa na kichaka pande zote, na kichaka ndimo alalamo nguruwe mchana.

Nguruwe mwenyewe ni yule wa porini wa Afrika Mashariki, ambaye wataalamu humwita Potamochoerus larvatus. Mkubwa huwa na uzito wa kati ya kilo 50 na 115. Hutoka usiku kwa makundi na kufukua kwa pua, na katika shamba la muhogo anachokiharibu huwa kingi kuliko anachokila. Meno yake ya chini si marefu kama ya ngiri wa Bara, lakini hujinoa yenyewe kwa kusuguana na ya juu kila anapofunga mdomo, na ndiyo yanayopasua matumbo ya mbwa. Ngozi ya mabega ya dume ni nene, na chini yake kuna kombe la bega, mfupa mpana ulio mahali hasa ambapo mtu mwenye pupa hupenda kuchoma. Mfupa huu una sehemu yake katika kisa.

Usasi wa pamoja ni desturi ya siku nyingi kisiwani. Watu hukusanyika alfajiri na mbwa, mikuki na marungu, wakajipanga, wakalizunguka pori. Kikundi hiki kilikuwa na kibali, maana uwindaji Zanzibar uko chini ya Sheria ya Misitu, Namba 10 ya mwaka 1996, na mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani–Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, haivukwi na msako wowote. Mbwa nao hawajui kutofautisha nguruwe na paa nunga, mnyama adimu anayelindwa, kwa hiyo msako unaoachia mbwa ovyo unaweza kuleta hasara ambayo hakuna aliyeikusudia. Msomaji wa Bara akumbuke kuwa kwake kuna Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 na leseni zake. Wa Kenya akumbuke kuwa uwindaji ulipigwa marufuku huko tangu 1977, na nguruwe akivamia shamba njia ni kwa maofisa wa wanyamapori.

Karibu wasasi wote wa kikundi ni Waislamu. Nguruwe hawamli. Mzoga huachiwa mbwa, au huchukuliwa na wafanyakazi wasio Waislamu wanaoishi karibu. Jambo hili lilikuja kuamua silaha ziwe za nani na zikae wapi.

Silaha walizokuwa nazo

Mikuki ya kikundi ilikuwa ya nondo. Mtu alichukua kipande cha nondo kilichobaki kwenye ujenzi, akakichonga ncha kwa jiwe la fundi chuma, akakichomeka kwenye mti na kukifunga kwa waya. Ilikuwa rahisi kupatikana na hakuna aliyehuzunika ikipotea. Lakini nondo ya kawaida ina kaboni kidogo, na hata ukiipika na kuichovya haishiki ugumu wa kutosha. Ikigonga jiwe ncha hujikunja, ikigonga mfupa mzito chuma chenyewe hupinda. Tena kilikuwa chembamba, unene wa kidole. Nguruwe aliyechomwa kwa chuma chembamba huondoka nacho au bila hicho, damu ikitoka kidogo, akaenda kufa mbali baada ya saa nyingi. Hayo ni mateso kwa mnyama, na ni hatari kwa mama anayeingia kichaka hicho jioni kukata kuni.

Kila mtu alikuwa pia na panga lake la shamba. Na katika msimu wa kisa hiki kikaingia kitu kipya. Vijana kadhaa walikuwa wanatazama kwenye simu video za wawindaji wa Australia, New Zealand na Texas, ambao hushikiwa nguruwe na mbwa kisha huingia mtu mmoja na kisu, akachoma mara moja nyuma ya mguu wa mbele, basi. Ni kazi safi ukiitazama. Kijana mmoja, mkwezi wa nazi kwa kazi, mwepesi na hodari, alikwenda mjini akanunua kisu cha bucha: chuma cheupe kisichoshika kutu, bapa la urefu wa kama sentimita 20, mpini laini wa plastiki, na kati ya mpini na makali hakuna kitu cha kuzuia mkono. Alikinoa kikawa kinanyoa.

Siku ya tukio

Msako ulianza vizuri. Mbwa walikuta dume peke yake kwenye shimo la mawe na kumzingira. Dume akafanya afanyavyo nguruwe mwenye akili: akaweka matako kwenye jiwe na uso kwa mbwa, hivyo hakuna wa kumpata kwa nyuma. Mbwa wakabweka, wakarukia na kurudi nyuma, wakarukia na kurudi nyuma.

Kiongozi wa msako, mtu wa makamo mwenye uzoefu mrefu, alifika wa kwanza na kuchoma kwa mkuki wa nondo kutoka mbele. Chuma kiliingia kidogo kwenye bega kikapinda. Dume akatoka shimoni kwa nguvu na kupita katikati ya mbwa. Mbwa mmoja jasiri akamshika sikio, mwingine akashika mguu wa nyuma, na kwa muda mfupi mnyama akasimama.

Kijana aliona alichokuwa amekiona mara nyingi kwenye simu. Akaingia kwa ubavu na kuchoma kwa nguvu zake zote.

Alichoma juu mno, na ncha ikagonga kombe la bega. Kisu kikasimama, mkono haukusimama. Kiganja kilichokuwa na jasho na damu ya mbwa kikateleza juu ya plastiki, kikapita mahali ambapo pangekuwa na kizuizi, na vidole vinne vikafunga juu ya makali yale yaliyonolewa yakanyoa. Wakati huohuo mbwa wa sikio aliachia, dume akaondoka na kisu kikaanguka. Hakuna jino la nguruwe lililomgusa kijana yule.

Dume alifuatwa mpaka karibu na adhuhuri na kumalizwa kwa marungu. Mbwa aliyekuwa ameshika mguu alikufa siku ile.

Jeraha na matibabu

Mmoja wa wenzake alitaka kumwagia mafuta ya taa, mwingine akapendekeza unga wa kahawa. Kiongozi alikataa vyote. Walimwaga maji ya kunywa juu ya kidonda, wakakandamiza kwa kipande safi cha kanga, wakaunyanyua mkono juu ya kifua na kumtoa porini kwa miguu. Uamuzi huo ulikuwa sahihi na nausifu bila kusita, kwa sababu vitu vinavyopakwa kwenye kidonda cha namna hii humpa daktari kazi ya kusafisha kabla hajaanza ya kushona.

Kituo cha afya kilimwomba akunje vidole kimoja kimoja. Viwili havikukunjika. Hiyo ni dalili ya kano kukatika, na kituo kikampeleka hospitali badala ya kushona ngozi juu tu. Alichomwa sindano ya pepopunda na kano zikaunganishwa kwa upasuaji. Mkono ulipona, lakini kidole kimoja hakikurudi kukunjika chote. Kwa mtu mwingine hilo ni kero. Kwa mkwezi, anayekumbatia mnazi kwa mikono na miguu, lilimtoa kwenye kazi.

Mjadala wa kikundi

Kikundi kilikaa barazani baada ya muda. Rai ya kwanza, ambayo wengi waliiunga mkono, ilikuwa kununua visu bora: vyenye kikinga mkono, mpini wa mpira wenye mikwaruzo, na makali pande zote mbili. Kijana aliyejeruhiwa ndiye aliyeileta. Hoja yake ilikuwa na nguvu: kosa lilikuwa la mpini, turekebishe mpini.

Kiongozi hakubishana naye. Aliomba simu. "Hebu mwanangu, nioneshe hao mbwa wao," alisema. Wakaitazama video tena, safari hii macho yakiwa kwa mbwa.

Walioonekana walikuwa mbwa wakubwa wa kufugwa kwa kazi hiyo, jamii ya Bull Arab wa Australia na mfano wake, wenye vichwa vipana, wamevishwa fulana nzito za kukinga kifua na shingo. Wawili walikuwa wamening'inia masikioni mwa nguruwe, mmoja kila upande, na hawakuachia. Mtu wa pili alikuwa ameinua mguu wa nyuma wa mnyama. Mwenye kisu aliingia wakati nguruwe amekwisha kushikwa kila mahali. Kazi yake ilikuwa kumaliza tu.

"Sasa wetu hufanya nini?" akauliza. Jibu kila mtu alikuwa nalo. Mbwa wa kijijini ni wadogo, wepesi, wanajua kunusa na kubweka. Wanamsimamisha nguruwe, hawamshiki. Akishika mmoja, ni kwa sekunde chache na kwa gharama ya maisha yake.

Hapo mjadala ukageuka. Ikiwa mbwa hawamshiki mnyama, mtu mwenye kisu inabidi asogee kwa mnyama aliye huru, na kisu cha kikinga au kisicho na kikinga kinamweka umbali uleule wa mkono mmoja. Kinachohitajika ni makali yanayofanya kazi mtu akiwa mbali.

Panga lilijadiliwa na kuachwa haraka. Panga linakata, na kukata nguruwe mzima ni kumpiga mapigo mengi juu ya mifupa na ngozi nene, huku mbwa wakizunguka chini ya mkono wako. Lilibaki kuwa la kufyekea njia. Sime nayo ilitajwa na mmoja aliyewahi kuishi Bara, lakini sime ya kawaida haina kikinga mkono pia, na bapa lake lililotanuka kuelekea mbele limekusudiwa kukata. Bunduki ilitajwa na kuachwa kwa sababu ya leseni na gharama, na zaidi kwa sababu ya kichaka chenyewe: watu na mbwa wamezunguka mnyama mmoja pande zote katika pori lisiloonekana hatua kumi mbele. Risasi inayokosa pale ina pa kwenda pengi, na pote pana watu.

Ukabaki mkuki, lakini si wa nondo. Walikubaliana mambo matatu: bapa pana linalofungua jeraha kubwa ili mnyama afe haraka; chuma kisichopinda wala kuvunjika kwenye mawe; na kipingamizi nyuma ya bapa. Hili la mwisho lilitokana na kumbukumbu ya mzee mmoja aliyewahi kumwona nguruwe akijisukuma mbele juu ya mkuki uliokwisha mwingia, akamfikia aliyeushika. Hilo si hadithi ya baraza. Wawindaji wa Ulaya walilijua, na mkuki wao wa nguruwe kwa karne nyingi ulikuwa na kipande cha msalaba chini ya bapa kwa sababu hiyohiyo. Waingereza waliowinda nguruwe India kwa farasi hawakukihitaji: farasi alikuwa amekwisha kumpitisha mpandaji wake kabla nguruwe hajageuka.

Kwa mhunzi

Mhunzi aliyepewa kazi alipendekeza springi za gari, yale mapande bapa yaliyo chini ya lori. Alikuwa sahihi. Chuma cha springi kina kaboni ya takriban asilimia 0.6, kinapokea ugumu vizuri kikichovywa kwenye mafuta, na kimetengenezwa kwa ajili ya kukunjwa na kurudi. Hapatikani chuma bora zaidi cha bei ya chakavu. Sharti lake moja ni kuchagua pande lisilo na nyufa, kwa sababu springi nyingi hutupwa hasa kwa kuwa zimechoka.

Bapa lilifuliwa kwa umbo la jani: urefu wa sentimita 22, upana wa sentimita 5 mahali palipotanuka, na mgongo ulioinuka katikati unaoanza na unene wa milimita 6 na kupungua kuelekea nchani. Nyuma likakunjwa kuwa mrija wa kuingizia mti, ukapigwa msumari mmoja wa kupitisha. Mti ulikuwa mgumu, uliokaushwa kivulini, wa urefu wa kimo cha mtu. Kipingamizi kilikuwa cha nondo, na hapo nondo ilipata kazi inayoifaa.

Mkuki wa kwanza ulivunjika ncha kwenye majaribio, na namna ulivyovunjika ina faida kwa yeyote atakayekwenda kwa mhunzi. Mhunzi huyu alizoea kutengeneza visu na miundu. Alipika bapa mpaka sumaku ikaacha kulivuta, akaliongezea moto kidogo, akalichovya kwenye mafuta ya kupikia yaliyopashwa. Mpaka hapo ni sawa kabisa. Kipimo cha sumaku ni cha kuaminika kuliko jicho, maana wekundu wa chuma kivulini si wekundu wake juani. Kisha akalisugua kwa msasa likang'aa na kulirudisha motoni taratibu ili kulipunguzia ukali wa ugumu, akalitoa rangi ilipofika manjano ya majani makavu. Kwa kisu hiyo ni rangi nzuri. Chuma kinabaki kigumu sana na makali yanadumu. Kwa mkuki utakaopigwa kwenye matumbawe ni balaa, na ncha ya kama sentimita moja iliruka kwenye jiwe la kwanza.

Kwa mikuki iliyofuata alingoja. Rangi ilipita manjano, ikawa kahawia, ikawa zambarau, akaitoa ilipogeuka bluu, joto la karibu nyuzi 300. Bapa hilo halinyoi nywele na halihitaji kunyoa. Lilipokunjwa kwa nguvu lilirudi, lilipopigwa kwenye jiwe ncha ilijikunja kidogo na kunyooshwa kwa tupa. Angalizo kwa wanaotumia mashine ya kusagia: bluu hii si ya visu; ukisaga bapa la kisu lililokwisha pikwa hata ukingo wake ukageuka bluu kwa joto la kusaga, umeliharibu ugumu wake mahali pale, hata kama linang'aa. Sagia polepole na maji karibu.

Visu havikuachwa kabisa. Vilitengenezwa viwili tu, vya springi hiyohiyo, vyenye makali upande mmoja, vikatolewa kwenye kahawia, na kila kimoja kikawekewa kikinga cha chuma mbele ya mpini na kizibo nyuma yake. Mpini ulikuwa wa mti uliozungushiwa kamba ya katani. Kamba huchafuka, lakini haitelezi ikilowa.

Kanuni zilizowekwa

Mikuki miwili huingia pamoja, kutoka pande mbili zinazoelekea kwa ubavu, wala si kutoka mbele. Mahali pa kuchoma ni nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele, chini, theluthi ya chini ya kifua, mguu unapokuwa umekwenda mbele. Hapo kombe la bega haliko, na moyo uko karibu. Aliyechoma hauchomoi mkuki. Anausimamia mpaka mnyama alale. Kisu kinabebwa na watu wawili waliotajwa, na hakitoki alani mpaka nguruwe awe chini na mikuki imo.

Kanuni ya mwisho ilikuwa ya najisi. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi kisiwani, kilichoguswa na nguruwe kwa umajimaji huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hapo awali panga lililommaliza nguruwe lilikuwa lilelile la kukatia majani ya mbuzi nyumbani, na wapo waliokuwa na dhiki moyoni kwa jambo hilo wasiseme. Sasa silaha za nguruwe zilikuwa za kikundi, zinaoshwa porini na kuwekwa bandani, haziingii nyumba ya mtu. Hili liliwarudisha msakoni wazee wawili waliokuwa wameacha. Pia lina faida ya afya. Nguruwe pori na ngiri hubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, bila wao kuumwa. Binadamu haambukizwi, lakini kisu kilichochinja nguruwe pori kikiingia kwenye banda la anayefuga nguruwe kinaweza kummalizia banda zima.

Matokeo ya msimu uliofuata

Hakuna mtu aliyejeruhiwa na makali wala na meno. Nguruwe waliochomwa kwa bapa pana walilala karibu, mara nyingi palepale walipochomwa, na kazi ya kufuata damu nusu siku ikapungua sana. Mbwa mmoja alipotea. Hakuna mkuki uliopinda.

Kipingamizi kilileta usumbufu ambao hakuna aliyeutazamia. Kilikuwa kirefu, na kichakani kilinasa kwenye miiba na kamba za mimea kila hatua. Wabebaji wawili walikikata kwa msumeno bila kusema, na mmoja wao akakiondoa kabisa. Baada ya ugomvi mfupi kilipunguzwa kwa wote kikabaki kutokeza sentimita 5 kila upande, upana unaotosha kumzuia nguruwe na kupita kichakani. Mti nao ulifupishwa kwa wale wanaoingia mashimoni.

Kutu pia ilisumbua. Chuma cha springi hakivumilii hewa ya bahari, na kuosha kwa udongo huondoa mafuta yote juu yake. Dawa ni kukausha na kupaka mafuta ya nazi siku ileile. Bapa lililoachwa limelowa huamka kesho lina rangi ya chungwa.

Uchambuzi

Jambo lililofanikiwa zaidi, kwa maoni yangu, lilifanyika kabla mhunzi hajawasha moto: kuitazama video upya. Watu wengi wanaochagua kisu cha nguruwe hulinganisha urefu wa bapa, aina ya chuma na bei. Hayo yote ni kweli na yote huja baadaye. Kisu cha mwindaji wa New Zealand ni chombo kizuri kwa mbwa wa New Zealand. Kukiiga bila mbwa ni kununua nusu ya silaha, na nusu iliyobaki inalipwa na mkono wako.

La pili ni kutofautisha ugumu na uimara. Kikundi, na mhunzi mwanzoni, walidhani chuma bora ni kile kinachoshika makali zaidi. Kwa kuchoma, makali yanayonyoa hayana kazi kubwa. Ncha na uzito wa mtu vinatosha. Kwenye ardhi ya mawe chuma laini kidogo ndicho kinachorudi nyumbani kizima. Kikundi cha ardhi ya mchanga au ya kinamo kingeweza kuchagua vingine, bapa lenye ugumu zaidi na jembamba zaidi, na kisingekuwa kimekosea.

Rai ya kijana, kwamba kosa lilikuwa la mpini, haikupewa haki yake barazani. Ilipotea katika shangwe ya kugundua habari za mbwa. Lakini kisu chenye kikinga kingeviokoa vidole vyake siku ile, hata akiwa amesogea mahali pasipostahili kusogea. Vile viwili vilivyofuliwa baadaye vilifuata ushauri wake bila mtu kumtaja. Nadhani kikundi kilipaswa kusema wazi kuwa alikuwa sahihi kwa sehemu. Alikaa msimu mzima akidhani amelaumiwa, na ni mkewe aliyelipeleka neno hilo kwa kiongozi.

Kilichoshindikana wazi ni lengo lenyewe la msako. Muhogo uliendelea kuliwa. Makundi yalihamia upande wa pili wa pori, yakapumzika, yakarudi. Shamba moja tu lilitoka salama, la mwanamke mjane aliyejengewa na wanawe ukuta wa mawe kuzunguka lote, mawe yaleyale yanayolaaniwa kila siku na wakulima wa maweni. Kwa muda na pesa zilizokwenda kwenye springi, mafuta na ujira wa mhunzi, mashamba mengine mawili yangeweza kujengewa ukuta. Hilo halifanyi mikuki kuwa upotevu, kwa kuwa nguruwe aliyekwisha ingia lazima atolewe na mtu, lakini mpangilio wa matumizi ulistahili kujadiliwa na haukujadiliwa.

Kijana sasa ndiye mtunza silaha wa kikundi. Hukagua misumari na mirija kabla ya msako, na humkatalia mkuki yeyote aliyekata kipingamizi. Kikundi cha shehia ya jirani kilipokuja kuazima mikuki miwili, yeye na kiongozi walikwenda kwanza kuwaona mbwa wao. Walikuta watatu wadogo na mmoja mkubwa asiyebweka, anayeshika na kung'ang'ania. Wakaazimwa mikuki miwili na kisu kimoja, kwa sharti kwamba mbwa yule mkubwa asipokuwepo, kisu kibaki nyumbani.